Injinia Aliyesikiliza Mabomba

Jumanne nilikuwa kwenye sofa, ambako wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua ndiko ofisi yangu ilipo, niliposoma kwenye kundi la kanisa kwamba Injinia ametutoka. Moyo, ghafla, akifunga kamba za viatu vya kazi. Alikuwa Mkenya mwenzangu hapa mtaani Malvern, huku ugenini kusini mwa Afrika, na ndiyo kwanza nagundua kwamba katika jiji hili lote ni yeye tu aliyekuwa akibisha mlango wangu bila kupiga simu kwanza. Leo ni Alhamisi. Hakuna aliyebisha.

Miaka mingi aliwachorea wengine mabomba katika kampuni moja Sandton, kisha akaacha kazi afungue yake. Mimi niliyeishia kidato cha nne nikamwuliza wateja atawatoa wapi. Akacheka. "Ndugu yangu, mji mzima unavuja! Wakubwa wanagombania matangi mapya. Nani anabadilisha valvu zilizooza? Nani anatafuta maji safi yanayopotea chini ya lami? Hapo ndipo mhandisi mdogo atakula." Mifereji yangu ilikuwa kavu siku ya nne.

Zabuni yake ya kwanza ilikuwa na kikao cha maelezo, na sheria ya hapa haina huruma: kampuni isiyosaini rejista kabla haijafungwa imetoka, iwe na wataalamu wa namna gani. Akaniomba nimsindikize. Tukiwa tumebakiza mtaa mmoja, akaona maji yakichuruzika karibu na roboti, yaani taa za barabarani. Akasimamisha gari, akatoa chuma chake kirefu cha kusikilizia mabomba, akakisimika ardhini na kutega sikio juu yake.

"Injinia, tunachelewa."

"Hili ni bomba kuu, mzee. Likipasuka, watu watakaa wiki bila maji. Ngoja niwapigie wahusika. Wewe tangulia, barua ya uwakilishi hii hapa. Saini tu jina la kampuni."

"Mimi? Kwenye ukumbi wa mainjinia?"

"Kwani watakung'ata?"

Nilifika mlangoni. Ndani, watu wa suti wakisalimiana kwa majina. Nikayatazama malapa yangu, nikabaki nje. Alipokuja mbio, magoti yametapakaa matope, mama wa mapokezi alikuwa anafunika kalamu. "Eish, baba, pole. Imefungwa." Injinia akaitazama barua mkononi mwangu, haijakunjuliwa. "Haya, sharp," akasema, kama wasemavyo hapa kwa maana ya sawa tu. Hakulitaja tena. Mwaka haukuisha kabla hajarudi kuwachorea wengine, na huko ndiko kifo kilikomkuta.

Kazi ya maji ipo, na wahandisi wetu wanaijua. Wanachokosa wengi ni mtu wa pili, maana mtu mmoja hawezi kuwa kwenye bomba na kwenye ukumbi saa ile ile. Mimi niliombwa kuwa huyo mtu kwa dakika tano. Basi rafiki yako akianza chake, usimtakie heri ukiwa nje. Ingia, hata ukiwa na malapa, uandike jina lake.