Nitakula Nyumbani

Najua utasema niliota, au nilikuwa na homa. Sema tu, wengi wameshasema. Lakini mimi nilitembea na mtu huyu mchana kweupe, na sufuria aliyonibebea ninayo mpaka leo. Majina ya vijiji huenda nikayachanganya, ni zamani sasa. Yeye siwezi kumchanganya na mtu.

Kwetu ni Korogwe. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa utukutu, ila kila nikiona barabara nataka kujua inaishia wapi. Mwaka ule wa mvua za El Niño nilikuwa nimefika mbele ya Musoma, kwenye kijiji cha wavuvi, nikiwasaidia kuvuta nyavu. Asubuhi moja ziwa likatupa maiti ya mwanamume. Samaki walikuwa wamemla uso, hakuna aliyemjua. Tulimviringisha kwenye magunia, tukamchimbia mchangani palepale ufukoni. Mkono mmoja wa sweta lake, wa rangi ya kahawia, ulikuwa umechomoza nje ya gunia. Nikaurudisha ndani, nikasema, "Haya ndugu yangu, nenda nyumbani." Wewe ungemwambia nini mtu usiyemjua hata jina?

Baada ya hapo nikavuka mpaka pale Sirari, nikafika Migori, nikalala nyuma ya soko. Asubuhi nikaamka sina mpango wowote. Magari ya kwenda ziwani yalikuwa yamekwama kwenye matope. Nilipouliza njia ya miguu, kijana mmoja wa gari alinicheka.

"Tanzania, utaenda na mguu mpaka Homa Bay? Kwani gari ilikukosea nini?"

Nikafunga blanketi langu, karatasi ya nailoni na sufuria, nikaelekea kunakozama jua.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri, sikufichi. Nililala kwenye vibanda vya kulindia mashamba. Nilivuka mto uliofurika nikiwa nimeshika mkia wa ng'ombe, mwenye ng'ombe akicheka ng'ambo. Karungu niliingia nimejaa matope mpaka masikioni, na mama mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, akanipa viazi vitamu bila kuniuliza natoka wapi. Nikaanza kupanda milima ya Gwassi huku nikiimba.

Huko juu ukungu ukashuka mpaka nikawa sioni miguu yangu. Nikajibanza chini ya mwamba, na chini ya mwamba ule kulikuwa na mtu amekaa. Kijana wa umri wangu, miguu mitupu. Sweta lake lilikuwa la kijani, mkono mmoja kahawia. Macho yangu yaliona, niamini, ila kichwa hakikuunganisha. Watu wangapi wanavaa nguo za viraka?

"Omera, umechelewa," akasema, kama vile tulikuwa tumepatana. Omera kwa Kijaluo ni ndugu yangu. Akaniambia anaitwa Owino, anakwenda kwao, kisiwani Rusinga. "Twende pamoja. Njia mimi najua. Leta hiyo sufuria nikubebee."

Ukungu ulipopungua tukaondoka. Alikuwa na utani. Alisema sisi Watanzania tunaongea kama redio, mtu akitaka maji ya kunywa anaanza na habari za asubuhi mpaka kiu inaisha. Kisha akaniuliza:

"Na hakuna mtu anakufukuza?"

"Hakuna."

"Unatembea tu?"

"Natembea tu."

"Na mama yako anajua uko wapi?"

Nikajifanya nakaza kamba ya blanketi. Naye hakunirudia swali, akatangulia mbele.

Mambo mawili yalinishangaza. La kwanza, ziwa lilikuwa chini yetu, na njia ya ufukoni ilikuwa tambarare, lakini yeye alishikilia mawe na miiba ya juu. Hata jua lilipochoma hakutaka kushuka kunawa uso. La pili, hakula. Nilipochemsha viazi nikamkatia sehemu yake, akatikisa kichwa.

"Kula, omera. Mimi nitakula nyumbani."

Kesho yake pia, nitakula nyumbani. Sehemu yake niliirudisha sufuriani kila mara, nikafunika, naye akaibeba kichwani. Jioni tulipopata kibanda mimi nililala ndani, yeye akakaa mlangoni, akiangalia upande wa kwao. Ungemwogopa mtu wa namna hiyo? Mimi nilimwonea huruma tu, nikidhani ana tumbo linalomsumbua.

Tulifika Mbita jua likianza kuinama. Kutoka hapo kwenda Rusinga unapita juu ya tuta la mawe na udongo, maji kushoto, maji kulia. Owino akasimama mwanzo wa tuta akagoma.

"Maji nimechoka nayo," akasema.

Nilikuwa na njaa na miguu ilikuwa inaniuma. Nikamwambia basi abaki, mimi natafuta pa kulala palepale Mbita. Akaniangalia kwa namna ambayo sijaangaliwa tena na mtu.

"Si ni wewe uliniambia niende nyumbani? Sasa unaniacha hapa?"

Sikumwelewa. Nikampa mkono ili tu tumalize safari. Mkono wake ulikuwa baridi na mzito, kama kamba ya wavu iliyotoka majini. Tukavuka, yeye amefumba macho njia nzima, sufuria kichwani, na wanawake waliokuwa wakitoka sokoni wakanipisha mimi wakinitazama kwa mshangao. Mimi peke yangu, sasa najua.

Kwao palikuwa na uzio wa minyaa, na pengo ndilo lango. Hapo akaachia mkono wangu.

"Ingia wewe kwanza, uniitie mama. Mimi siwezi kupita. Kuna mtu kwa mahali yangu."

Nikaingia. Mama wa makamo alikuwa akipepeta mtama mbele ya nyumba, na mzee mmoja mwenye viatu vya mpira alikuwa akifunga ndama.

"Shikamoo mama," nikasema. "Nimemleta Owino. Yuko hapo langoni."

Mama hakupiga kelele. Aliweka ungo chini polepole. Mzee ndiye aliyekuja kunishika bega.

"Kijana, nani amekuambia hiyo jina? Mimi ni baba yake mdogo. Owino tulizika. Iko pale."

Kando ya nyumba kulikuwa na kaburi, udongo wake haujaota majani vizuri.

"Mashua ilipinduka," akasema. "Tulitafuta mpaka tukachoka, mwili haikupatikana. Kwa hivyo tukazika yago."

Yago ni tunda la mti wao mmoja, refu, zito kama mguu wa mtu. Aliyepotelea majini asiporudi, wanalizika hilo kwa jina lake, wanalilia, mambo yanaisha. Mahali pake panakuwa pamejaa.

Mama akasema neno kwa Kijaluo. Mzee hakutaka kulitafsiri, akalazimika.

"Anauliza alikuwa amevaa nini."

"Sweta la kijani. Mkono mmoja kahawia."

"Uzi iliisha," mama akasema mwenyewe, kwa Kiswahili. "Mimi nilishona hiyo. Uzi iliisha."

Hapo ndipo nililiona tena lile gunia, na mkono ule nikiurudisha ndani kwa vidole vyangu. Nikakaa chini, nikawaeleza yote, mpaka maneno niliyomwambia.

Tulipokwenda langoni hapakuwa na mtu. Sufuria yangu ilikuwa chini, imefunikwa vizuri. Mama akaifunua. Viazi havikuwemo. Yalikuwemo maganda tu, yamemenywa membamba, yamekusanywa upande mmoja.

"Ni mbwa," mzee akasema haraka.

Mama akajibu kwa sauti ndogo, na safari hii mzee alinitafsiria bila kuulizwa.

"Anasema mbwa haimenyi kiazi."

Mzee alitaka nikalale kwake. Mama akakataa. Karibu na lango kulikuwa na kibanda cha Owino, kile ambacho kijana wa Kijaluo anajengewa kabla hajaoa, wanakiita simba. Alifagia mwenyewe, akanitandikia kitanda cha mwanawe, akaniambia nilale. Nililala, na sikusikia kitu. Ningefurahi kama ningesikia.

Mvua zilipokatika nilimpeleka mzee kwa mashua mpaka kile kijiji cha Musoma, akaone kaburi. Maji yalikuwa yamepanda yakaufagia ufuko wote. Wavuvi walitutajia siku kaburi lilipoondoka; nilipohesabu, ilikuwa kabla sijafika milimani. Mzee alichota mchanga kidogo, akauangalia, akaumwaga.

Tulipokuwa hatupo, mama alikuwa akiweka kiazi langoni kila jioni. Kila asubuhi alikikuta palepale, hakijaguswa. Nilipoondoka alikuwa bado anaweka.

Nilirudi Korogwe mwaka huohuo, mama yangu akaniona. Bado natembea, tabia haiishi, lakini ndani ya kola ya kila shati langu nimeshona jina langu na la kijiji chetu. Na wewe unayesafiri, fanya hivyo. Ukikuta maiti asiye na mwenyewe, mzike, mfunike, mwombee. Lakini usimwambie aende nyumbani. Hujui kama huko nyumbani bado wamemwachia nafasi.