Matapeli wa "uhakiki wa wastaafu" walivyomteka mama kwa simu hapa Himo

Wakuu, habari za Jumapili. Nimetoka kanisani sasa hivi, naandika haraka haraka kwa furaha, mkiona herufi zimeruka mnivumilie. Chumvi siongezi, kisa chenyewe kimekolea.

Mama yangu ni nesi mstaafu. Anaishi mwenyewe kule juu upande wa Marangu, na migomba yake na ng'ombe mmoja. Mimi nina duka la spea za pikipiki Himo.

Jumatano akapigiwa simu. Jamaa ana sauti nzito, Kiswahili cha ofisini, anamtaja majina yote matatu. Eti yeye ni afisa wa serikali, anahakiki wastaafu, na faili la mama lina kasoro. Asipolipia marekebisho siku hiyo hiyo, pensheni inasimama.

Halafu akatoa sharti: usikate simu, usimwambie mtu, hata watoto. Ni siri ya serikali.

Aisee, mama akapanda bodaboda mpaka Himo, simu sikioni njia nzima! Akapita mbele ya duka langu bila hata kugeuza shingo.

Akaingia kwa wakala wa pesa, jirani yangu, dada anaitwa Neema. Neema akaona machozi.

"Shikamoo mama. Unamtumia nani?"

Yule wa kwenye simu akasikia, akafoka: "Nani huyo? Nimesema usiongee na mtu!"

Hapo Neema akahamia Kichagga. Pole pole, kama anayeulizia bei ya ndizi. Mama naye akajibu Kichagga, akamwaga yote. Jamaa kabaki "Haloo? Haloo? Mnasema nini hapo?" Haambulii hata neno!

Neema akatoka mlangoni akaniita. Nikakimbia na grisi zangu mikononi, nikachukua simu, nikaweka speaker.

"Afisa, mimi ni mwanawe. Ofisi yenu iko wapi? Tunakuja na mama sasa hivi."

Likaja tusi ambalo mods watalifuta tu, simu ikakatwa. Watu waliokuwa kwenye foleni walishangilia kama goli!

Mama hakushangilia. Alikaa kwenye benchi akasema, "Mwanangu, nimezeeka vibaya." Siku zile zilizofuata hata simu zetu hakutaka kupokea. Iliniuma sana wakuu.

Sasa leo, wakati wa matangazo usharikani, mama akaomba kusema. Nikashtuka. Akasimulia kila kitu, hadi alivyolia juu ya bodaboda.



Mzee mmoja mkulima wa kahawa akasimama. "Mimi walinipata mwaka jana. Hata mke wangu hajui."

Mke wake alikuwa kakaa pembeni yake pale pale. Akamshika mkono.

Akasimama bibi mwingine. Na mwingine! Tulipotoka nje, mama kazungukwa na wazee wenzake, wanaonyeshana namba zilizowapigia, yeye katikati anaelekeza kama yuko wodini. Nilitamani niruke.

Nilichojifunza: nguvu ya hawa jamaa iko kwenye "usimwambie mtu". Mzee wako akisikia hayo maneno, akate simu, amwambie mtu, au aende ofisini mwenyewe. Na akishaponea, asichekwe, maana aibu ndiyo inawaziba mdomo.

Huko kwenu wanaingia na gia gani? Tupieni hapa, mama kaagiza nimsomee comments zote.