Ndizi Ndani ya Difu

Siku hizi sili ndizi mbivu. Mke wangu huwamenyea watoto uani, maana nikisikia tu harufu yake nainuka mezani. Watu wanadhani naringa, kwamba mtu aliyezaliwa Mabamba na kukulia katikati ya migomba anajifanya hazijui ndizi. Waache wadhani. Nazijua kuliko wao wote, kwa sababu nimeziona zilivyo baada ya kukaa miezi saba ndani ya difu ya gari.

Gari lenyewe ni lori dogo la njia mbaya, la kuvuta magurudumu yote manne, na nililinunua kwa baba yangu mzazi. Baba alikuwa dereva maisha yake yote. Alipostaafu alibaki na lori hilo, akawa analiosha kila Jumamosi, na Jumapili analiendesha kwenda kanisani, ambako ni mzee wa kanisa na ndiye husimama mbele kusoma matangazo. Aliponiambia macho yake hayaoni vizuri tena, na kwamba afadhali lori libaki katika familia, nilijiona nimebarikiwa. Nikaenda Mabamba na mke wangu na kichanga chetu, nikaliwasha, nikalizungusha hadi karibu na mpaka na kurudi. Lilikuwa kimya. Difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, kwa lori la umri ule lazima ilie kidogo ukikanyaga mafuta, lakini hii haikulia hata chembe, na mimi, bwege, nikawatambia watu kwamba baba yangu anajua kutunza gari.

Tangu hapo nikawa nabeba udaga kutoka Rungwe Mpya kuleta Kasulu. Udaga ni muhogo uliovundikwa kisha ukaanikwa, na ukiubeba kila wiki unanuka wewe, kiti unachokalia, na kitanda unacholalia. Nilishazoea. Nilidhani hakuna kitu kibaya zaidi ambacho lori lingeweza kuninusisha.

Siku lori lilipoharibika, mke wangu alikuwa Rungwe Mpya kwa dada yake, nikampitia turudi pamoja. Alikaa mbele na mtoto wetu mdogo mapajani, wa miezi tisa, na nyuma magunia yalikuwa yamejaa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Tukiwa katikati ya kilima kabla ya kufika Titye, nikasikia mlio chini yetu, kitu kigumu kinatafunwa na kigumu mwenzake. Injini ikapiga kelele, lori likagoma kwenda. Kisha likaanza kurudi nyuma.

Nikavuta breki ya mkono. Sasa, kwenye lori lile breki ya mkono hushika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, na propela hukutana na magurudumu ndani ya difu. Difu ikivunjika, breki ya mkono inakuwa pambo. Nikakanyaga ya mguu kwa miguu yote miwili. Tulipunguza mwendo, lakini kwa uzito ule na tope lile tukawa tunaserereka kidogo kidogo kuelekea korongoni.

"Shuka utafute mawe!" nikamwambia mke wangu.

Alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga akaruka chini. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akipiga magoti nyuma ya tairi, anachimbua mawe kwa vidole, anayasukumiza chini ya lori lililokuwa linamjia, na kichwa cha mtoto kikichezacheza mgongoni mwake. Mimi nimekaa kitini kama bwana mkubwa, siwezi kuinua mguu. Mawe yaliposhika ndipo nikakumbuka kwamba lori lina mvuto wa mbele, na kwamba ningeuingiza tangu mwanzo, breki ya mkono ingepata pa kushika. Hofu ilikuwa imenipumbaza. Nilijichukia, na bado najichukia nikikumbuka.

Tulipakua magunia, nikajikokota kwa magurudumu ya mbele mpaka Kasulu. Mke wangu hakutaka hata kuugusa mlango wa lori. Alichukua bodaboda.

Gereji ninayokwenda ni uwanja wa tope jeusi, oili juu ya oili, mbuzi wanapita, na mafundi wanakula chapati kwa mikono ambayo mtu mwingine angeiosha kwa mafuta ya taa kwanza. Fundi wangu aliingia chini na beseni, akafungua nati ya kumwagia oili. Oili haikumwagika. Kilichotoka ni uji. Ulitoka kwa mafungu, mweusi wenye ukahawia, una nyuzinyuzi, na harufu yake ilikuwa ya pombe ya ndizi iliyochacha ikaunguzwa. Fundi akacheka mpaka akagonga kichwa kwenye chesisi.

"Bro, humu kuna mlo!"

Alipofungua difu yenyewe, gia kubwa wanayoiita krauni ilikuwa kibogoyo, meno yake yametapakaa kwenye ule uji. Akachovya kidole, akatoa kipande cha ganda, akanipungia usoni. Mbuzi mmoja akasogea kunusa, akageuza kichwa, akaenda zake.

"Ndizi mbivu na vumbi la mbao. Difu ikishaanza kulia unaishindilia hii kitu, inanyamaza mwezi, miezi, basi unamuuzia mtu. Nani kakuuzia wewe?"

"Jamaa mmoja wa Kibondo," nikasema.

Nikaenda nyuma ya rundo la matairi nikatapika. Waliendelea kucheka, na nilikuwa nasikia kila mmoja anavyolihadithia upya, ndizi zikiongezeka.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kilichokutwa. Hakupiga kelele. Alikuwa ananyonyesha, na kucha zake tatu zilikuwa zimevunjika hadi kwenye nyama.

"Baba alijua?" akauliza.

"Nadhani kuna fundi alimfanyia bila yeye kujua. Mzee wa watu, macho yenyewe hayaoni."

"Sitaki dhana. Nenda ukamuulize. Kama hakujua, yameisha, kadanganywa kama sisi. Kama alijua, mimi na wanangu Mabamba hatukanyagi. Siku tunaondoka na hilo lori ni yeye aliyenipa huyu mtoto kupitia dirishani. Nataka kujua alikuwa anatupeleka wapi."

Nikamwahidi nitamuuliza, na nitamletea jibu.

Kabla ya hapo ilibidi lori lipate miguu. Kukarabati difu ile sikutaka, hata kuiona sikutaka. Niliamua kuweka kubwa zaidi, ya lori la tani nyingi, yenye loki, yaani ukiingia kwenye tope unaifunga na magurudumu ya nyuma yanazunguka pamoja, moja haliwezi kuzunguka bure huku lingine limelala. Muuza spea mtumba pale mjini, mzee wa asili ya Tanga, alinionyesha moja. Nilimwambia aifungue. Niliingiza tochi, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikatoa kidole nikakinusa, nikarudia mara tatu. Mzee alinitazama kwa huruma.

"Nani kakufanyia nini, mwanangu?"

Nikajifuta kidole kwenye suruali, nikamuuliza bei. Nilikuwa nimekuwa mtu wa kunusa vidole vyangu mbele za watu.

Kuifunga kulichukua siku nne. Propela ilikuwa ndefu kupita kiasi, ikakatwa na kuchomelewa upya. Sehemu za kukalia springi zikahamishwa, mabomba ya breki yakabadilishwa, na fundi akaapa kwa Mungu wake kwamba sasa nitang'oa kisiki. Siku ya tano nikaondoka Kasulu alfajiri, nikapita Kibondo, na saa tano asubuhi nilikuwa Mabamba. Difu mpya ilikuwa inalia kidogo, na mlio ule ulinituliza njia nzima.

"Mwakeye," mama akanisalimu kwa Kiha, akapokea sukari na sabuni nilizoleta, akaingia jikoni. Baba alikuwa ameshatoka nje kulitazama lori. Hakuniuliza habari za watoto. Aliinama, akachungulia chini, macho yasiyoona vizuri yakaona vizuri sana.

"Umeweka difu kubwa. Umefanya la maana."

"Shikamoo, Baba. Ile ya zamani ilivunjika."

"Ego," akakubali kwa Kiha. "Isingevuka masika."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya adabu, yenye kona, yenye nafasi ya yeye kutokea. Yote yakaniishia hapo.

"Baba, kumbe ulijua kuna ndizi?"

"Zingeingia na nani? Niliziponda mwenyewe. Kumi na mbili, na vumbi la mbao kopo moja. Kazi safi, miezi saba."

Alisema hivyo kama anavyosoma matangazo. Nikamuuliza kwa nini mimi, mwanawe, wakati Kibondo nzima imejaa watu wanaotafuta lori. Akanishangaa, kama vile swali ni la mtoto wa darasa la kwanza.

"Mtu baki akigundua anarudi na mgambo. Anakuja kunipigia kelele hadi kanisani. Wewe ungerudi na nini?"

Sukari kilo mbili, na mche wa sabuni. Nilimwangalia yule mzee, shati limepigwa pasi, kifungo cha shingoni kimefungwa.

"Tulirudi nyuma kilimani, Baba. Mkweo aliweka mawe kwa mikono. Mtoto alikuwa mgongoni."

"Mtoto amekufa?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akapangusa vumbi kwenye bodi kwa kiganja. "Ingia tule."

Niliingia. Nilinawa, nikala ugali na maharage ya mama, na baba alipoomba sala ya chakula nilisema amina. Hakuna aliyenilazimisha. Kwa baba yangu sijui nilipaswa kufanya nini zaidi ya kula, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko kitu chochote kilichotoka kwenye difu ile.

Nilifika Kasulu jua linazama. Mke wangu alikuwa uani anaanua nguo. Aliweka beseni chini akanisubiri nizime injini.

"Kasema nini?"

"Hakujua," nikasema. "Fundi wake alimzunguka. Mzee amesikitika karibu alie."

Alinitazama kidogo, kisha mabega yake yakashuka. Akamshukuru Mungu. Akasema alikuwa amemhukumu mzee wa watu bure, na kwamba Jumapili twende sote Mabamba akamwombe radhi, na mtoto akapakatwe na babu yake.