Kidonge cha Jumapili

Bibi yangu alikuwa na presha, na aliyemwambia kidonge chake kinamezwa Jumapili ni mimi. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na mengine nitachekesha watu halafu nitasahau nilichotaka kusema. Nawajua watu wa kuchekesha. Mimi ndio mwenyewe.

Mimi ni kinyozi, mtaa wa Kabasa, hapa Bunda. Shule niliishia la saba, na matokeo yenyewe mwalimu alinisomea kwa sauti ya chini kama anatangaza msiba. Bibi, mama yake baba, ndiye alinilea, huko Butiama upande wa Mwitongo. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, kwa hiyo tulikuwa tunataniana kuanzia asubuhi. Nikifika tu, kabla sijatua begi:

"Mume wangu, umerudi mikono mitupu tena? Wanawake wa Bunda wamekumaliza."

"Nimeleta samaki, furu wa ziwani, mke wangu. Ila wewe meno ya kuwalia umeyaacha wapi?"

"Nilimpa babu yako akaondoka nayo."

Babu alishakufa zamani. Hivyo ndivyo tulikuwaga tunaongea. Sikumbuki siku niliyomwambia neno la maana nikaliacha hivyohivyo bila kulichezea.

Kliniki nilimpeleka mimi. Daktari, kijana tu kama mimi, akapima, akapima tena, akasema presha iko juu na dawa atameza maisha yake yote. Dirisha la dawa tukapewa bahasha imeandikwa kama wanavyoandikaga: 1 x 1. Maelezo yalikuwa haraka haraka, foleni nyuma inasukuma, na bibi sikio moja halisikii vizuri. Tulipokaa nje kwenye benchi akaitoa ile bahasha, akaisogeza karibu na macho.

"Hii moja naiona. Na hii moja naiona. Huu msalaba katikati ni wa nini?"

Ningesema tu, bibi, hiyo ni alama ya mara, kama jina la mkoa wetu wa Mara. Kidonge kimoja, mara moja kila siku. Hata hapo ningekuwa nimetania kidogo. Lakini nikasema:

"Huo ni msalaba kweli, mke wangu. Maana yake unameza kimoja siku ya Bwana. Ukitoka kanisani tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua, akasema, "Kama zile za Sista." Akaikunja bahasha, akaifunga kwenye pindo la kanga. Mimi nikajua utani umepokelewa, tumemaliza.

Hizo za Sista alikuwaga ananisimulia nikiwa mdogo. Alipokuwa msichana, huko misheni, masista wa Kizungu walikuwa wanagawa klorokwini kila Jumapili, watoto wasiugue malaria. Misa ikiisha, padri ameshawapa komunio kule mbele, wanatoka kwa mstari, na mlangoni amesimama Sista na kopo lake. Unafungua mdomo, anakuwekea, unajibu Amina kama ulivyojibu mbele, unameza na uchungu wake. Sista anakuwekea kimsalaba kwenye daftari kwamba umepata. Huyohuyo ndiye alikuwa anachoma sindano, anazalisha wanawake, anafundisha katekisimu. Nasikia huko Ulaya sayansi na dini ziligombana miaka na miaka, watu wakafungwa kwa kusema jua limesimama. Sijui. Huku kwa bibi zilikuja kwenye gari moja zikashukia mlango mmoja. Kwake ulikuwa mstari mmoja wa watu, unaanzia altareni unaishia kwenye kopo, na ukifika mwisho unakaa mzima.

Kisa hicho nilikuwa nakijua. Ndiyo maana siwezi kusema sikuwa na namna ya kujua.

Kuna Jumapili nilimkuta ametoka kanisani. Akanawa mikono, akasimama wima mlangoni, akameza kidonge na maji, akasema Amina. Nikamwambia, "Mke wangu, unapokea komunio mbili. Padri akijua?"

"Padri ana ya kwake, daktari ana ya kwake. Mimi tumbo ni moja."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani cha Jumapili ndicho nimekiona, vya siku zingine sikuwepo. Nikimuuliza kwa simu kama dawa zinaisha ananijibu, "Zipo tele." Nikadhani shangazi, binti yake anayekaa Buhare, ndiye anamletea.

Alianguka Alhamisi, akimenya muhogo. Upande wa kulia wote ukalala, mdomo ukapinda. Baba mkubwa akanipigia simu nikawahi, akatafuta gari tukampeleka Musoma, shangazi akatukuta hospitali. Nesi akauliza kama mgonjwa alikuwa anatumia dawa za presha.

"Hakosi," shangazi akasema. "Mama na dawa zake hakosi kabisa. Kila nikija Jumapili namkuta anameza."

Ile bahasha nilikuwa nimeichukua nyumbani, iko mfukoni. Nikaenda chooni nikaifungua. Ilikuwa dawa ya mwezi mmoja, imeshakaa miezi mitatu, na bado zaidi ya nusu imo. Nilielewa palepale. Ningetoka nikamwambie nesi. Nikairudisha mfukoni, nikanawa uso, nikaenda kukaa kando ya kitanda.

Nikamwambia, "Bibi, nilikudanganya. Zile dawa ni za kila siku."

Upande wa mdomo uliobaki ukajaribu kucheka. Alidhani ndio yale yetu.

Siku ya tatu akafariki.

Msibani watu wakagawanyika. Mimi nilikuwa pembeni nanyoa wafiwa vichwa, kwa hiyo nilisikia yote. Mama mmoja wa kikundi cha maombi akasema angeombewa mapema asingefika pale. Baba mkubwa, ambaye ni mwalimu mstaafu, akamjibu:

"Mshipa wa kichwa ukipasuka utauombea uzibe?"

"Na vidonge vyenu alivyomeza bila kukosa, vilimzibia nini, mwalimu?"

Baba mkubwa akatafuta jibu, akasema dawa za siku hizi nyingi ni feki. Wakaendelea hivyo, mmoja na Mungu wake, mmoja na hospitali yake, na wote wawili wamesimama juu ya neno lilelile, kwamba marehemu alikuwa hakosi. Hakuna aliyekuwa anadanganya kati yao na hakuna aliyekuwa anajua. Mimi nikaendelea kunyoa. Watu wakasema uchungu umenibana, kijana wa maneno vile amenyamaza.

Wiki chache baadaye baba mkubwa akanipigia. Shangazi ameacha dawa. Na yeye ana presha, kairithi hukohuko. Amesema mama alimeza mpaka mwisho akafa, sasa yeye anameza za nini.

Kesho yake asubuhi sikufungua saluni. Nilimkuta Buhare, uani, anachambua dagaa. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda. Sikukaa. Nikamwambia yote nimesimama, benchi, bahasha, nilichosema, nilichokiona chooni. Nilipomaliza akanitazama usoni, akingoja nicheke.

"Huo nao ni utani?"

"Hapana, shangazi."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Hospitali."

"Nimeshamwambia nesi mama hakosi, na wewe ukaniacha hivyohivyo."

Nikasema lile lililonipeleka. "Za kwako ni kila siku, shangazi. Kila siku, sio Jumapili. Usiziache."

Akarudi kwenye dagaa wake. Alitupa mchanga, akatupa vijiti, muda mrefu. Halafu akamwita jirani wa upande wa pili wa ukuta, mama wa Kiislamu, fundi nguo, na cherehani yake ikanyamaza.

"Jirani, wewe dawa yako ya presha unamezaga lini?"

"Kila siku. Hata mwezi wa mfungo nameza, nikishafuturu. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilitaka nisikie kwa mtu ambaye hatanii."

Akaingia ndani. Nikasikia maji yanamiminwa kwenye kikombe. Nilipoaga aliitikia, ila hakunisindikiza.