Niliyomwambia Kuku

Ninyi mnaoniona leo nikishika kikombe bila kumwaga chai, sikilizeni nilikotoka. Nilikuwa mfanyakazi wa tanuru la shaba hapa Elisabethville, mtu wa kula vizuri na kucheka sana. Lutuku, pombe kali ya magendo, nilianza kuinywa baada ya kazi, kidogo tu. Mwishowe, nisipoinywa asubuhi, mikono ilitetemeka, nikatapika nyongo. Siku moja nikaanguka kifafa karibu na tanuru, nikang'ata ulimi.

Daktari akasema, "Ingia hospitali, la sivyo utakufa."

Kufa niliogopa. Kusema nyumbani niliogopa zaidi. Lutuku ile aliipika mama mkwe, mjane, nyuma ya jiko letu, na ndiyo iliyolisha wadogo wa mke wangu. Polisi walikuwa wakiwafunga wapikaji. Tena mtu anayeachishwa pombe huweweseka. Je, nikimtaja?

Mke wangu Ngoie akakataa kunisaidia. "Miye siwezi kumuambia. Sema naye weye mwenyewe."

Lakini kwetu Waluba mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi moja kwa moja. Unasema na kitu kingine, yeye asikie. Basi nikakaa nyuma ya ua wa matete, mama mkwe akipika upande wa pili, jasho linanitoka, nikamgeukia kuku aliyekuwa akidonoa.

"Kuku, ambia mama, niko mugonjwa. Lutuku inaniua. Kesho naenda hospitali. Naogopa ntasema jina yake kule."

Nilisikia kuni zikilia motoni tu. Nikajua nimeharibu nyumba.

Kisha akajibu polepole. "Kuku, ambia mutoto wangu aende. Kila asubuhi namusikia anatapika. Niliogopa kumuuliza."

Nikasikia pipa la lutuku linapinduliwa. Harufu ikanifikia, nikajikuta nalamba midomo. Hapo nilijiogopa mwenyewe.

Hospitalini walinifunga kitandani. Niliona panya wakinipanda kifuani, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilipopata akili, nikamuuliza muuguzi kwa hofu, "Nilisema nini?"

"Ulikuwa unaita kuku," akasema. "Kuku tu."

Nililia kwa kumshukuru Mungu.

Sasa mama mkwe anauza mikate. Ndugu yangu unayekunywa kwa kificho, usingoje maneno mazuri. Waambie wako hata kwa sauti inayotetemeka, huenda wanajua tayari. Mimi hamu bado hunijia, na bado naiogopa. Ikija, narudi pale kwenye matete namwambia kuku. Upande wa pili, mama anajibu.