Kichuguu Katikati ya Ubalozi

Tarehe tatu mwezi wa tisa mke wangu alifariki. Aliacha nguo zake, kopo la mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu, na kichuguu.

Kichuguu hakikuwa chetu kwa karatasi. Kilisimama kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba yetu hapa Kolwezi, kirefu kupita paa letu, na yeye alikilima kuanzia chini hadi kileleni, kwa sababu udongo wa mchwa hauhitaji mbolea. Mimi ni mwashi, tena nafyatua matofali. Machoni pangu kile kilikuwa matofali ya nyumba mbili. Kila kiangazi niliomba nikikate, na kila kiangazi alinijibu, akiniita baba kama ilivyo kwetu: "Tata, kata kichuguu ya wengine. Hii iko na kazi."

Mwaka uliofuata, ubalozi mdogo wa nchi jirani ulinunua uwanja ule ili ujenge ofisi na nyumba za wafanyakazi. Nikapata kazi. Msanifu, mama mmoja kutoka Lubumbashi, alitaka ramani yote ichorwe ardhini kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi, atembee ndani yake kabla hatujachimba msingi. Kwenye karatasi yake bustani yenye ukuta ilikuwa nyuma kabisa, upande wa vyoo. Penye kichuguu paliandikwa: magari.

Nilimwaga majivu siku mbili. Nilipofika kwenye kichuguu nikasimama na ndoo mkononi.

"Tata, juu ya nini unasimama?" msanifu aliniuliza sababu.

"Mama, mvua ikinyesha, maji yote yanashuka kule nyuma. Bustani yako itakuwa ziwa."

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu yangu. Nikaona aibu.

"Tena bibi yangu alilima hapa," nikasema, nikimtaja mke wangu. "Alikufa. Mi siwezi kupitisha majivu."

Mwashi mwenzangu, mtu wa Kasai aliyeshika kamba, akapaza sauti: "Usimusikilize, mama! Iko kobalti chini, anataka kuchimba peke yake!"

Msanifu alicheka, akavua viatu, akapanda hadi kileleni. Alitazama pande zote kwa muda mrefu. Aliposhuka alisema neno moja: "Futa."

Tulifuta kwa mafagio. Nikachora upya: bustani katikati, kichuguu ndani yake, ukuta wa kufika kifuani ukikizunguka, ofisi upande huu, nyumba upande ule, kila mlango ukiitazama bustani.

Balozi mdogo alikuja mwenyewe kuikubali ramani au kuikataa. Alifuata mistari ya majivu polepole.

"Na hiki kilima?"

"Hiki ndiyo bustani yenyewe," msanifu alijibu. "Batu wanaongoja karatasi ya kusafiri watakaa hapa, hawatasimama barabarani."

Balozi akaenda pale utakapokuwa mlango wake, akageuka, akatazama.

"Msikiguse," alisema.

Niligeuza uso. Mwenzangu akanisukumia ndoo. "Haya, tata ya kichuguu, kazi inakungoja."

Matofali ya ukuta nilifyatua mwenyewe, kwa udongo wa kichuguu kingine, mbali, kama nilivyoagizwa miaka yote ile. Sijawahi kujenga ukuta ulionyooka namna ile, na nilimwambia kila aliyepita.

Mvua za kwanza zilipoanza, nikaruhusiwa kumwaga mbegu za kopo lile juu ya kichuguu. Wiki chache baadaye mlinzi aliniita langoni, akanipa fungu la lengalenga. Nilizipika na karanga. Chumvi ilizidi. Nikala zote.