Usimzoeshe Yai

Leo Jumamosi, mwaka wa thelathini na moja tangu tufukuzwe kwenye shamba letu la Kibirichia, nimeona mama akimnyang'anya mwanawe yai.

Ilikuwa kanisani, hapa Gachoka. Mwalimu wa lishe alikuwa akiwafundisha akina mama kuwapikia watoto ndengu, mboga, yai na viazi vya kuponda.

(Viazi vilitoka Kibirichia. Niliujua ule udongo kwenye maganda kabla sijaambiwa.)

Mtoto wa jirani yangu Wanja alikuwa anakula kwa mikono miwili. Wanja akaiondoa sahani.

"Mwache amalize, mama," mwalimu akasema.

"Nikimzoesha, kesho akililia yai nitampa nini?"

"Si unafuga kuku?"

"Hayo mayai tunauza, madam. Ndiyo unga wetu."

Akina mama wakacheka. Mwalimu akarudisha mwiko sufuriani.

Mtoto alilia mpaka sala ya kufunga.

Nyinyi mngemjibu nini Wanja?

Mpwa wangu anayeishi kule sasa amekuwa akinisihi nikalione shamba, hata kwa siku moja tu. Jioni hii nimempigia simu, nikamwambia asinizoeshe.

Sitarudi Kibirichia.